Aya ya Deni na Karatasi ya Kura

 

Katika darsa letu la Suratul Baqara tulifikia aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kupita zote katika Qur-ani. Wengi wetu tulidhani usiku ule utapita kwa masuala ya dukani: nani akopeshwe, hati iandikwe vipi, mashahidi wawe wangapi. Lakini ndugu mmoja, ambaye kazi yake ni ya forodhani, aliuliza jambo ambalo hatukulitarajia. Alisema: Ikiwa Mwenyezi Mungu ametuagiza tuandike deni hata likiwa dogo, mbona kura, ambayo ni deni tunaloikopesha serikali kila baada ya miaka mitano, twaitoa bila ya kujali imeandikwaje wala nani aliyeishuhudia? Mwengine akamjibu papo hapo, wala hakuwa na ubaya: Hayo ni mambo ya wabara. Sisi watu wa Mji wa Kale tumepata nini katika uchaguzi hata tuuhangaikie?

Maneno haya mawili ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. La kwanza twalikubali na tutalieleza. La pili ni rai iliyoenea katika baraza za Kuze na Kibokoni na kwengineko, nayo imeenea hata kwa watu wenye elimu na swala zao. Nasi twaona ni rai yenye madhara, na yatupasa kuijibu kwa hoja wala si kwa kufokeana.

Tuanze na aya yenyewe, kwa maneno yetu na kwa muhtasari. Watu wakikopeshana kwa muda maalumu wameamrishwa waandike. Mwandishi awe muadilifu baina yao, wala asikatae kuandika hali Mola wake amemfunza. Mwenye kusema maneno ya kuandikwa si yule anayedai, bali ni yule anayedaiwa, ili akiri kwa ulimi wake mwenyewe na asipunguze kitu. Wawekwe mashahidi, nao wakiitwa wasikatae. Wala watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa, kwani huko ndiko kuliko karibu zaidi na kuondosha shaka. Kisha karibu na mwisho wa aya limekatazwa dhara katika jambo la mwandishi na shahidi, na hapa wafasiri wamesema maneno mawili. Wako waliosema maana yake ni kuwa mwandishi na shahidi wasidhuru, yaani huyu asiandike kisichosemwa na yule asishuhudie asichokiona. Na wako waliosema maana yake ni kuwa wasidhuriwe, yaani wasitishwe wala wasiteswe kwa sababu ya kazi yao. Lafudhi ya Kiarabu yachukua maana zote mbili, na msomaji ataona punde kuwa nchi yetu imezionja zote mbili.

Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameiita kura kuwa ni ushahidi na ni amana. Sisi hatuoni tabu kuongeza kuwa ina sura ya deni pia, kwa kuwa ni mamlaka tunayomkopesha mtu kwa muda maalumu, na muda ukimalizika tuna haki ya kuyadai. Na mwenye kudaiwa hapa ni serikali na tume yake ya uchaguzi. Basi wao ndio wanaopaswa kukiri hadharani, mbele ya mashahidi, ni kura ngapi walizopokea na ni za nani.

Sasa tuyapime hayo kwa yaliyotokea. Tarehe 27 Disemba 2007 wananchi wa Kenya walipanga foleni tangu alfajiri, na siku ile yenyewe ilipita kwa salama. Siku tatu baadaye, jioni ya tarehe 30, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, marehemu Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi kwa kura 4,584,721, akimpita Raila Odinga kwa tofauti isiyofika kura 235,000. Jua likichwa, Rais akaapishwa Ikulu. Haikupita wiki, mwenyekiti huyo huyo akaulizwa na waandishi wa magazeti kama kweli Kibaki alishinda, naye akajibu kuwa hajui.

Twamwomba msomaji asimame hapa kidogo. Mwandishi wa hati asema hajui ukweli wa hati aliyoitoa! Lau jambo kama hili lingetokea katika deni la magunia kumi ya mchele, kadhi asingeikubali hati ile hata kidogo. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walisema kuwa katika eneo la Molo hesabu ya Kibaki iliyosomwa huko huko ilikuwa kura 50,145, na iliyosomwa Nairobi ikawa 75,261. Huenda tofauti hizo, au baadhi yake, zilikuwa na maelezo. Lakini maelezo yanayokuja baada ya damu kumwagika yamfaa nani? Tume iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji mstaafu wa Afrika Kusini, ilitoa ripoti yake mwezi wa Septemba 2008. Ikasema kuwa hesabu zilikuwa zimechafuka hata haiwezekani kujua aliyeshinda ni nani, na kuwa katika daftari la wapiga kura mlikuwa na majina ya maiti yapatayo milioni 1.2. Ikasema pia jambo ambalo mashabiki wa pande zote mbili hawapendi kulisikia: kwamba wizi haukuwa wa upande mmoja. Kila mmoja, kwenye ngome yake, palijazwa masanduku, na palijazwa kwa kuwa wakala wa upande wa pili hakuwapo au alifukuzwa.

Kwa hivyo shahidi hakuwapo, na mwandishi hakuaminika, na mdaiwa hakukiri. Yaliyofuata yajulikana. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na zaidi ya watu 600,000 wakahama makwao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, lilitiwa moto kanisa ambalo ndani yake mlikuwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo wakidhani nyumba ya ibada itawahifadhi. Yaliwafika watu wasio wa dini yetu, na Mola wetu atatuuliza tuliyapokeaje.

Hapa ndipo atakaposema yule ndugu: Naam, lakini hayo yalikuwa Eldoret na Kisumu na Naivasha. Twamjibu kuwa hata hapa Mombasa palivunjwa maduka na watu wakaporwa na kufukuzwa majumbani. Lakini tuliache hilo, tutazame mkate tu. Vijana wa Kibera waling'oa reli. Reli ile ni ile ile iliyoanza kujengwa hapa kisiwani mwaka 1896, na mzigo unaopita juu yake watoka Kilindini. Barabara za Naivasha, Nakuru na Eldoret zikafungwa kwa mawe na magogo. Makontena yakarundikana bandarini hata pasiwe na pa kuyaweka. Uganda na Rwanda zikakosa petroli. Na hapa kwetu, mahamali na madereva wa malori, na makarani wa mawakala wa forodha, wakakaa vibarazani mikono mitupu. Wazungu wakakata safari zao, na hoteli za Nyali na Bamburi na Diani zikawa kimya katika miezi ambayo kwa kawaida ndiyo ya mavuno. Kijana wa Kuze aliyekuwa akichukua mabegi ya wageni hakumwua mtu wala hakung'oa reli, na pengine hata kura hakupiga. Lakini mshahara wake ulikatika sawasawa na wa wengineo. Uchumi wa nchi, uliokuwa umekua kwa kiasi cha 7 kwa mia mwaka 2007, ulikua kwa chini ya 2 kwa mia mwaka uliofuata.

Na kama mfano wa hasara hautoshi, na tuchukue mfano wa pili, ulio mwepesi zaidi. Tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 mizigo mingi ya bandari iliamrishwa ipelekwe kwa treni hadi Nairobi na itolewe ushuru kule, na watu wa Mombasa wenye malori na maghala na ofisi za forodha wakaona riziki ikipita mbele ya macho yao. Wakaandamana mwaka 2019. Kisha tarehe 13 Septemba 2022, siku ile ile aliyoapishwa, Rais William Ruto akatangaza kuwa kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Hatusemi hapa kuwa mtu huyu ni mwema na yule ni mbaya. Darsa letu si la chama. Twasema tu kuwa neno moja la mtu aliyetoka katika uchaguzi laweza kuipeleka au kuirudisha riziki ya mtaa mzima. Baada ya hayo, anayesema kuwa uchaguzi ni mambo ya wabara, na atuambie bandari ni ya nani.

Turudi katika aya. Tumesema kuwa wafasiri wana kauli mbili juu ya dhara. Mwaka 2007 ilikuwa ni dhara ya mwandishi mwenye kudhuru. Mwaka 2017 tukaiona ile nyingine. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti mwaka huo, Chris Msando, aliyekuwa akisimamia mitambo ya kupeleka hesabu za kura katika Tume ya Uchaguzi, alipatikana ameuawa, na maiti yake ilikuwa na alama za mateso. Miaka ikapita bila ya mtu kuhukumiwa. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule kamishna Roselyn Akombe alikimbilia New York, akajiuzulu huko, akasema ahofia maisha yake. Na mwaka 2022 msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki alitoweka akiwa kazini, kisha akaonekana maiti. Hawa walikuwa waandishi wa hati ya taifa. Sheria yetu imemlinda mwandishi wa deni la baina ya watu wawili. Je, huyu anayeandika deni la watu milioni hamsini? Twaona ajabu kuwa mimbari zetu ziliyapita mambo haya kama kwamba hayana aya.

Hata hivyo haki ni kusema na jema lililopatikana. Mapatano yaliyotiwa saini tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Kofi Annan na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, yalizaa serikali ya pamoja yenye mawaziri 40, ambao gharama yao twaijua sisi tuliolipa kodi. Lakini yalizaa pia Katiba ya 2010. Kifungu cha 86 cha Katiba hiyo chataka uchaguzi uwe ni wa wazi na wa kuweza kuhakikishwa, na kura zihesabiwe na kutangazwa pale pale kituoni. Hilo ndilo lile la mdaiwa kukiri mbele ya mashahidi, hata kama walioiandika Katiba hawakuwa wakiifikiria Suratul Baqara. Na kwa nguvu ya Katiba hiyo Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Haikusema kuwa fulani ndiye aliyeshinda. Ilisema kuwa hesabu ilitangazwa kabla ya fomu zote kuwasili, na kuwa Tume ilipoamrishwa kuifungua mitambo yake haikuifungua kama ilivyotakiwa. Yaani hati ilikataliwa kwa kasoro ya uandishi na ushahidi.

Mwaka 2022 Tume ikaziweka fomu 34A za vituo vyote, zaidi ya 46,000, mahali ambapo kila mtu aliweza kuzisoma na kujumlisha mwenyewe. William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za marehemu Raila Odinga. Tofauti hiyo ilikuwa karibu sawa na ile ya 2007, na wapiga kura walikuwa wengi zaidi. Makamishna wanne katika saba wakaikana hesabu hadharani. Na ghadhabu hazikukosekana. Lakini shauri lilikwenda mahakamani na likaamuliwa tarehe 5 Septemba, na nchi haikuwaka kama ilivyowaka zamani. Hatudai kuwa karatasi peke yake ndiyo iliyozuia moto. Twadai kuwa mtu mwenye karatasi ya kusoma ana jambo la kufanya kabla ya kuokota jiwe.

Majirani zetu wa Zanzibar, ambao nusu yao ni jamaa zetu, wana somo lililo chungu kuliko letu. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu, na mabaraza ya huko yaliyokuwa yamegawanyika yakazidi kugawanyika. Mwezi wa Juni mwaka huo uchaguzi ukarudiwa, na ghasia zikaua watu 68. Mwaka 1963 chama kilichopata zaidi ya nusu ya kura kilipata viti 13 tu katika 31. Na yaliyotokea Januari 1964 hayahitaji kuelezwa katika mji huu, ambao ulipokea wengi waliokimbia. Miaka mingi baadaye, Januari 2001, baada ya uchaguzi mwengine uliogombaniwa, watu wa Pemba walipigwa risasi, na zaidi ya 2,000 wakavuka kwa majahazi na mashua hadi Shimoni. Wazee wetu wa Vanga na Shimoni waliwapokea. Kisha tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume ya huko, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi mzima kwa tangazo lake. Haya twayasema kwa sababu wako kati yetu wanaodhani kuwa ugomvi wa kura ni maradhi ya kikabila ya bara, na kuwa Waislamu wa kabila moja na lugha moja wameokoka nayo.

Sasa tuitazame nafsi yetu, na hapa maneno hayatakuwa matamu.

Mombasa ilikuwa mwaka 2022 miongoni mwa kaunti zilizopiga kura kwa uchache kabisa katika Kenya nzima. Ni kweli kuwa siku ile karatasi za kura ya ugavana zilichanganywa, na uchaguzi wetu wa gavana ukaahirishwa hadi tarehe 29 Agosti. Na ni kweli kuwa kwa miaka mingi vijana wa Kiislamu wa pwani walitakiwa vyeti vya babu zao kabla ya kupewa kitambulisho. Dhulma hizi hatuzikani. Lakini aliyezuiliwa ni mmoja, na waliojizuia wenyewe ni wengi. Na kati ya waliokwenda, wako waliokwenda kwa noti ya shilingi mia mbili au kwa leso na kilo mbili za unga. Mwenye kuuza ushahidi wake mbele ya kadhi twamwita shahidi wa zuri, na ushahidi wa zuri Mtume wetu (S.A.W.) ameuhesabu katika madhambi makubwa kabisa. Huyu wa noti tumwite nani?

Wako pia waheshimiwa wanaotumia fedha nyingi kwa makombe na hirizi na usomaji wa kulipwa ili washinde, na wako wenye vilemba wanaowapokea fedha hizo. Hili latosha kutajwa, wenyewe wanajijua.

Kubwa zaidi ni kuwa hatutaki kuwa waandishi wala mashahidi. Kazi za ukarani wa uchaguzi zikitangazwa, vijana wetu waliosoma hesabu huona ni udhia wa siku mbili. Vyama vikitafuta mawakala wa kukaa kituoni mpaka kura ya mwisho ihesabiwe, twawaachia wasio na kazi, ambao saa mbili usiku wameshatia saini wasichokisoma na kwenda zao. Kisha kesho yake baraza zima lalalamika kuwa kura zimeibwa! Aya imesema mashahidi wakiitwa wasikatae. Tumeitwa, na tumekataa. Na wanawake wasitolewe katika jambo hili. Aya imewataja katika mashahidi kwa jina lao, na binti zetu wengi ni hodari wa hesabu kuliko kaka zao.

Hata viongozi wetu hawakusalimika. Mwezi wa Agosti 2007 baadhi yao walitia saini mapatano na Raila Odinga kwa niaba ya Waislamu. Hati ile haikusomwa hadharani mpaka Novemba, na katika muda huo ikazagaa karatasi nyengine yenye mambo ambayo waliotia saini waliyakana, na ikatumiwa kuwatisha Wakristo kuwa twataka kuwatawala kwa sharia. Nia huenda ilikuwa njema, wala hatumtuhumu mtu. Lakini lau hati ingeandikwa mbele ya mashahidi na kusomwa msikitini siku ile ile, ile ya uwongo ingemshika nani?

Mambo haya yana haraka kwa sababu ya deni jengine, la fedha khasa. Deni la taifa lilikuwa limeshapita shilingi trilioni 10 katika mwaka 2023. Mwezi wa Juni 2024 serikali ilipotaka kuongeza kodi, vijana waliingia mpaka ndani ya Bunge, wakauawa baadhi yao, na mswada ukaondolewa. Mwananchi hulipa deni kwa moyo anapoamini kuwa aliyekopa alikuwa wakili wake wa kweli. Akiwa na shaka na uwakili, atakuwa na shaka na kila senti. Na katika wakati huo huo, tangu Januari 2023 mpaka Julai 2025, Tume ya Uchaguzi ilikaa bila ya makamishna. Kwa Katiba, uchaguzi mkuu unaofuatia ule wa 2022 ni Jumanne ya pili ya Agosti 2027.

Darsa lijalo, inshallah, tutaingia aya ya 283, inayozungumzia rehani na hukumu ya mwenye kuficha ushahidi. Nakala chache za fomu 34A za mwaka 2022 za vituo vya Mji wa Kale zimechapishwa. Wenye kutaka kujifunza inavyojazwa, mahali pa saini za mawakala, na namna ya kuilinganisha na ile inayobandikwa mlangoni mwa kituo, na wabakie baada ya dua. Mwenye kalamu na aje nayo.